Vifaa vya biashara ya picha: nunua kwa mpangilio huu, tamaa iweke pembeni

Watu wakitaka kuingia kwenye biashara ya picha swali la kwanza ni lilelile, ninunue kamera gani. Ukiwajibu hilo tu wanaenda kumaliza hela yote kwenye bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi), alafu kazi ya kwanza ikija unakuta mtu hana kadi ya pili, hana betri ya akiba, na picha zote zinakaa kwenye laptopu moja. Mteja hata jina la kamera yako halijui, yeye anataka uhakika kwamba siku yake ikishapita picha zipo. Kwahiyo hapa nimepanga vitu kwa swali moja tu: hiki kikifa katikati ya kazi nafanyaje? Kama jibu ni "nimekwisha" basi pesa iende hapo kwanza.

Hatua ya 1: Amua unapiga nini

Harusi, mahafali, bidhaa za kuuza mtandaoni, nyumba za kupangisha, michezo, picha za watu wa maofisini, kila moja ina vifaa vyake na hazifanani kabisa. Anayepiga bidhaa anaweza kuishi vizuri tu na kamera ya miaka kumi iliyopita, anaweka kwenye tripodi, taa mbili, basi, maana kiatu hakikimbii. Wa michezo bila fokasi ya haraka na lenzi ndefu hana kazi. Wa nyumba anataka lenzi pana kama 16-35mm na tripodi iliyotulia kuliko kitu kingine chochote.

Andika aina mbili za kazi ambazo unategemea zikulipe mwaka huu, mbili tu, alafu kila unapotamani kifaa jiulize kinaingia kwenye ipi kati ya hizo. Kama hakiingii popote hiyo ni hobi, sio dhambi, ila isitoke kwenye hela ya biashara.

Hatua ya 2: Bodi ya kamera

Megapikseli 24 zinatosha. Hiyo ni picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 20 kwa 13 bila kuivuta, na wateja wengi hawafiki hapo, wanaishia kwenye simu. Cha kuangalia kabla ya megapikseli ni nafasi mbili za kadi, fokasi inayoshika macho, na kama lenzi za mfumo huo zinapatikana kirahisi kwa kununua au kukodi.

Kununua yuzd, yaani iliyokwisha tumika, hakuna shida na mimi nashauri hivyo kwa anayeanza, ila kagua. Uliza idadi ya shata (kamera imeshapiga mara ngapi), nyingi za daraja la chini zinapimwa kiwandani kwa takriban 100,000, za kati 150,000 au 200,000, za kitaalamu 400,000 na zaidi, na hiyo sio tarehe ya kifo, ni makadirio, zipo zinazopita sana na zipo zinazokufa mapema. Piga picha ya ukuta mweupe au anga kwa f/16 (namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo na mwanga unapungua) alafu izumu, madoa meusi ni vumbi au mkwaruzo kwenye sensa, vumbi linasafishika, mkwaruzo hapana. Jaribu kila kitufe, nafasi zote za kadi, sehemu ya fleshi juu, matundu yote ya waya. Ukipewa na lenzi imulike kwa tochi ya simu, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani huo ni ukungu, iache.

Bodi ya pili. Usianze kuchukua kazi isiyorudiwa, mfano harusi, ukiwa na bodi moja. Haihitaji kuwa kali kama ya kwanza, tafuta ya familia moja inayotumia betri zilezile na lenzi zilezile, au kodi ya siku hiyo na gharama yake iingize kwenye bei. Na ukitumia mbili weka saa zao zifanane mpaka dakika kabla ya kazi, maana kwenye kompyuta picha zinapangwa kwa muda, na zikipishana lisaa limoja utakuta watu wanakata keki kabla hawajaingia ukumbini.

Hatua ya 3: Lenzi

Hapa ndo hela inakaa muda mrefu, bodi zinakuja na kuondoka, lenzi nzuri utakaa nayo miaka.

Anza na 50mm f/1.8, karibu kila kampuni inayo na huwa ni kati ya lenzi zao za bei ya chini. Ile lenzi inayokuja na kamera ukiizumu mpaka 50mm mara nyingi inakuwa kwenye f/5.6 hivi, kwahiyo ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na ndani ya ukumbi wenye giza hiyo ndo tofauti ya picha na uji. Angalizo, kama kamera yako ina sensa ndogo ya kropu, 50mm itakupa mwonekano wa kama 75mm, Canon za kropu kama 80mm, inafaa kwa sura ila chumbani utagonga ukuta kwa mgongo. Kwa kropu 35mm ndo inakaa kama 50mm ya kawaida.

Inayofuata ni zumu moja ya f/2.8. Fulu fremu, yaani kamera za sensa kubwa, ni 24-70mm, kropu ni 17-50mm au zinazokaribiana hapo. Hii ndo itakayofanya kazi nyingi za matukio kwasababu huna muda wa kubadilisha lenzi mtu akiwa tayari ameshaanza kulia. Sigma na Tamron wanatengeneza za kwao kwa bei ya chini kuliko kampuni za kamera, usizidharau. 70-200mm f/2.8 ni lenzi tamu kweli lakini ni nzito, ni ghali, na kama unaihitaji mara chache kwa mwaka kodi tu.

Kuhusu vile vichujio vya UV vya kulinda lenzi, maoni yangu ni kwamba hudi ya plastiki ya mbele inalinda vizuri zaidi ikigonga mahali, na haiongezi vioo vya ajabu mbele ya kioo ulicholipia hela nyingi.

Hatua ya 4: Kadi na betri, vitu vidogo vinavyoua kazi

RAW (faili ghafi la picha kabla ya kueditiwa) ya megapikseli 24 inakula kama MB 25 mpaka 50 kutegemea imebanwa vipi, kwahiyo kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya elfu moja. Kwenye kamera yenye nafasi mbili iambie iandike kote kwa wakati mmoja, usiiambie ikijaa moja ihamie nyingine, maana maana yote ya nafasi mbili ni kwamba moja ikifa ya pili inayo kila kitu.

Ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, 200 au 300 MB kwa sekunde, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani kuhamishia kompyuta. Wewe angalia alama ya V, V30 inamaanisha kadi haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde ikiwa inaandika, V60 ni 60, V90 ni 90. Kwa picha za kawaida V30 inakwenda, ukipiga mfululizo wa haraka au video nzito panda V60. Na kadi feki ni nyingi mno, zinajitangaza GB 128 kumbe ndani ni 16, zikifika hapo zinaanza kuandika juu ya picha za mwanzo kimya kimya. Kila kadi mpya ijaze kwanza kwa programu ya H2testw kama unatumia Windows, au F3 kwa Mac na Linux, zote za bure, zitakuambia ukubwa wake wa kweli. Usiruke hii hata kama duka unaliamini.

Fomati kadi ndani ya kamera kila unapoanza kazi mpya, usikae unafuta moja moja. Ikitokea zimefutika kwa bahati mbaya acha kupiga palepale, toa kadi, weka pembeni, PhotoRec ni ya bure na inaweza kuzirudisha nyingi kama hujaandika kitu kingine juu. Kadi zilizojaa ziwe kwenye kikasha kidogo, zimegeuzwa uso chini ili usichanganye na tupu, na kikasha kikae mwilini mwako. Begi linaibiwa, mfuko wa suruali ni kazi zaidi kidogo.

Betri tatu kwa kila bodi ya mirolesi (kamera zisizo na kioo cha ndani), hizi kamera zina skrini inawaka muda wote zinakula chaji vibaya. Ziandike namba kwa kalamu ya kudumu, ile namba 2 ikianza kuisha haraka kuliko wenzake unaijua. Ukisafiri kwa ndege betri za akiba zinakaa na wewe kwenye mzigo wa mkononi, sio kwenye begi la chini, na mdomo wake uuzibe kwa kifuniko au teipu zisigusane na chuma. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa (Wh) 100 kwa betri, nyingi za kamera hazifiki hata 20 kwahiyo usiwe na wasiwasi, ila betri za taa kubwa za studio soma kwanza kilichoandikwa.

Hatua ya 5: Mwanga

Kama una hela ya kitu kimoja tu baada ya hapo juu, isiende kwenye bodi bora, nunua taa. Kamera ya kawaida na mwanga mzuri inaishinda kamera ya bei mbaya inayopiga chini ya taa ya dari, kila siku, na mteja anaona tofauti hata kama hajui jina lake.

Anza na fleshi moja ya kuweka juu ya kamera yenye kichwa kinachozunguka, iwe na TTL ambayo inajipimia mwanga yenyewe, pia iwe na manyuo (unaweka nguvu mwenyewe), na HSS (fleshi kwenye kasi kubwa ya shata). Hiyo HSS utaielewa siku ya kupiga nje kwenye jua, maana kamera nyingi haziwezi kutumia fleshi kawaida juu ya kasi ya shata ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, ukipitisha unapata mstari mweusi kwenye picha, HSS inaruhusu kasi ipande zaidi ila nguvu ya fleshi inashuka sana. Usipige fleshi usoni kwa mtu, geuza kichwa kipige dari au ukuta mweupe, mwanga urudi ukiwa mpana. Ukuta wa kijani utakupa watu wa kijani, angalia rangi kabla.

Alafu triga, kifaa cha kuiwasha fleshi bila waya, ili fleshi itoke juu ya kamera isimame pembeni. Nunua fleshi na triga za mfumo mmoja toka siku ya kwanza, Godox watu wengi wanaitumia kwasababu triga moja inaendesha fleshi ndogo mpaka taa za studio, na kampuni nyingine zipo, cha msingi usichanganye. Ukishakuwa na triga unahitaji stendi, mwavuli mweupe au softboksi, na kiakisi cha kukunja chenye upande wa fedha na mweupe. Mwavuli ni rahisi kufungua na wa kuanzia, softboksi inakupa udhibiti wa mwanga uende wapi. Kanuni za kushika ni mbili. Taa ikiwa kubwa na karibu mwanga unakuwa laini, kwahiyo ukiona vivuli vikali isogeze, usikimbilie kununua nyingine. Na ukiongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo, ndo maana hatua moja ya stendi inabadilisha kila kitu.

Stendi yenye mwavuli nje bila uzito chini itaanguka. Sio labda. Mfuko wa mchanga hauhitaji kuwa wa dukani, mfuko wowote imara uliojazwa mawe unafanya kazi, na ikimwangukia mgeni hapo sio tena habari ya vifaa, ni habari ya mwanasheria.

Fleshi za betri za AA tumia za kuchaji za NiMH kama Eneloop, za kutupa zinachelewa kuirudisha fleshi tayari. Taa za LED za kuwaka muda wote ni nzuri kwa bidhaa na kwa anayeanza kwasababu unaona kivuli kabla hujapiga, ila tafuta zenye CRI (kipimo cha ukweli wa rangi chini ya taa) 95 na kuendelea, chini ya hapo ngozi za watu zinatoka na rangi ya ugonjwa. Ukichanganya fleshi, ambayo ni kama kelvini 5500, na balbu za njano za ukumbi za kama 3000 hivi, watu wanatoka sawa na nyuma chungwa, hapo kipande cha jeli (karatasi ya plastiki ya rangi) ya chungwa mbele ya fleshi kinamaliza ugomvi. Kadi ya kijivu ya asilimia 18 nayo iwe kwenye begi, unapiga picha yake moja kila mwanga ukibadilika, baadae rangi unaiweka sawa kwa kubonyeza mara moja.

Hatua ya 6: Bakapu, kabla hujachukua hela ya mtu

Kuna kanuni ya 3-2-1 ambayo ilipewa umaarufu na mpiga picha mmoja, Peter Krogh, sasa hivi hata mafundi wa kompyuta wanaitumia. Nakala tatu, kwenye aina mbili tofauti za hifadhi, na moja iwe nje ya jengo. Kivitendo inakuwa hivi:

1. Ukirudi kutoka kazini, hata kama umechoka, hamisha kadi kwenda kwenye kompyuta kwa kisoma kadi, waya wa kamera mara nyingi unachelewa na unamaliza betri.
2. Nakili folda ileile kwenye diski ya nje. Jina la folda lianze na mwaka, 2025-03-14 alafu aina ya kazi, zitajipanga zenyewe.
3. Nakala ya tatu iende klaudi au kwenye diski inayokaa nyumba nyingine. Kama intaneti yako ni ya kusuasua, diski ya pili unayoibadilisha kila wiki inatosha kabisa.
4. Fungua picha chache kutoka kila nakala uone zinafunguka. Ndo sasa ufomati kadi, sio kabla.

Kuediti fanya kwenye SSD maana ni haraka, kuhifadhi za zamani tumia diski za kuzunguka maana ni rahisi kwa ukubwa, ila hizo zikianguka zikiwa zinawaka mara nyingi ndo basi. Na klaudi inayosinki peke yake usiite bakapu, ukifuta faili hapa na kule linafutika, labda uwe umewasha kutunza matoleo ya zamani. RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) vilevile, inakuokoa diski moja ikifa, haikuokoi na mwizi wala na wewe mwenyewe ukifuta folda usiku wa manane.

Hatua ya 7: Kompyuta na kuediti

RAM GB 16 ndo iwe chini, diski ya ndani SSD, skrini ya IPS (aina ya skrini isiyobadilisha rangi ukiiangalia pembeni) inayoonesha sRGB yote, yaani rangi za kawaida za mtandaoni. Skrini ni muhimu kuliko prosesa, kwasababu prosesa ya polepole inakuchosha tu ila skrini ya uongo inakuharibia kazi zote. Wengi wanaolalamika picha zikichapishwa zinatoka giza skrini zao zimewashwa mwanga mpaka mwisho. Kifaa cha kupimia rangi, Spyder au Calibrite, kinaning'inia mbele ya skrini dakika chache kinaiweka kwenye kelvini 6500, gama 2.2, mwanga wa kama kandela 100 mpaka 120 kwa mita ya mraba. Kama huna bado, angalau punguza mwanga wa skrini na usiediti dirisha likikupiga usoni.

Programu, Lightroom Classic ndo wengi wapo, Capture One inapendwa na watu wa studio, na kama hutaki kulipa kila mwezi darktable na RawTherapee ni za bure na zina nguvu kweli ila zinataka uvumilivu kujifunza. Ukiwa na matukio ya picha elfu mbili tatu Photo Mechanic ya kuchagua picha itakuokolea masaa, haisubiri RAW ifunguke. Faili za mteja zitoke kwa sRGB, usimpe Adobe RGB (mfumo mpana zaidi wa rangi) atakuambia rangi zimepauka.

Hatua ya 8: Vifaa ambavyo havionekani kwenye picha

Hapa wapiga picha wengi wazuri ndo wanakufa njaa. Uwe na mkataba wa ukurasa mmoja au miwili uliojaa lugha ya kawaida: tarehe, masaa, picha ngapi, zinatoka lini, advansi kiasi gani na inarudishwa au hairudishwi, nani anaruhusiwa kuzitumia wapi, na utatunza faili kwa muda gani. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau alafu miaka mitatu baadae mtu anapiga simu anadai picha. Kama utatumia sura ya mtu kwenye tangazo uwe na fomu ya idhini amesaini, mtoto anasainiwa na mzazi.

Kalenda moja tu, ya kwenye simu inayosinki na kompyuta, kazi isiingie kabla ya advansi kuingia. Ankara zenye namba. Akaunti ya hela ya biashara iwe peke yake, na jedwali rahisi la Excel lenye kila kifaa, bei uliyonunua, na miaka unayotegemea kitadumu, ukigawanya unapata kila kifaa kinakudai kiasi gani kwa mwezi, na hapo ndo utajua kama bei zako zinalipa au unafanya kazi ya kujitolea.

Kupeleka picha tumia galari ya mtandaoni kama Pixieset, au folda ya Google Drive. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, mteja anaichapisha inatoka na vipele alafu lawama ni zako, mwambie unatuma kama dokumenti au unampa linki.

Hatua ya 9: Kuvitunza

Begi lisilo na maandishi makubwa ya kampuni ya kamera, maana yale ni tangazo kwa wezi. Ndani weka puto la kupulizia vumbi, kitambaa laini, teipu ya gaffer, ekstensheni ya umeme, na mfuko wa plastiki wa mvua. Usipulize sensa kwa mdomo, mate yakifika pale ni kazi ya fundi. Vifaa vikae kwenye unyevu wa kama asilimia 40 mpaka 50, boksi la plastiki linalofunga vizuri na silika jeli ndani linatosha, sehemu za joto na unyevu ukungu wa lenzi hauchelewi. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje penye joto acha kamera ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, ukiitoa ghafla kioo kinajaa mvuke na kama ndo wakati bibi harusi anashuka kwenye gari utajijua.

Bima, soma masharti vizuri kama inahusu vifaa vinavyotumika kwa biashara na nje ya nyumba, za nyumbani nyingi zinavitoa. Vyovyote vile piga picha kila kifaa pamoja na namba yake ya kiwandani (serial namba) na risiti, jitumie kwenye barua pepe yako, na kila ukinunua kingine ongeza siku hiyohiyo kabla hujatupa boksi.